Sare Zilizogeuzwa: Foleni ya Chakula, Nyumba Tatu za Ibada na Mishahara Iliyokwama

Mahali, mwaka, majina na aina ya kazi nimeviondoa. Pale ambapo jambo dogo lingeweza kumfichua mtu nimelibadilisha, ila mtiririko wa mambo uko vilevile. Nilikuwa katibu wa kamati ninayoisimulia, kwa hiyo baadhi ya makosa yaliyomo humu yameandikwa kwa mkono wangu.

## Hali ilivyokuwa

Msikiti mmoja na makanisa mawili, vyote ndani ya mwendo wa dakika chache kwa miguu, vilikuwa vikigawa chakula kila kimoja kivyake. Msikiti ulitoa Ijumaa baada ya swala, kanisa moja Jumapili mchana, jingine katikati ya juma. Fedha zilitoka kwenye zaka, sadaka na mifuko ya waumini wachache wenye uwezo. Hakuna aliyewahi kukaa chini kuuliza njaa ile imetoka wapi. Tuliichukulia kama mvua: ikinyesha unatafuta mahali pa kujikinga, huendi kuihoji.

Foleni ziliporefuka hadi chakula kikawa kinaisha watu wakiwa bado wamesimama, viongozi watatu waliamua kuunda kamati moja. Wakaalika wataalamu: afisa lishe, wakili wa masuala ya kazi, na mtafiti wa uchumi ambaye baada ya vikao viwili hatukumwona tena. Alituachia dodoso la kurasa 14. Nitalirudia.

Kikao cha kwanza kilikuwa cha adabu nyingi na maana ndogo. Wataalamu walidhani wamekuja kuwafundisha watu wema wasiojua hesabu. Viongozi wa dini nao walidhani wameita mafundi wa kunyoosha foleni.

## Madaftari matatu na mfuko wa mwezi

Tulipoyaweka madaftari matatu mezani na kulinganisha majina, ilionekana kaya nyingi zimeandikwa kotekote. Mjumbe mmoja akapiga meza: "Hawa wanatuchezea." Azimio la kwanza katika muhtasari wa kikao kile, kwa mwandiko wangu, ni "kuwaondoa wadanganyifu".

Afisa lishe aliomba kwanza auone mfuko mmoja. Tukamletea ule wa msikiti, mkubwa kuliko yote, ambao sote tuliuita mfuko wa mwezi: kilo 20 za nafaka, kilo 4 za kunde, lita 2 za mafuta. Akachukua kalamu. Kipimo cha kuanzia katika mipango ya misaada ya dharura ni kilokalori 2,100 kwa mtu mmoja kwa siku, kwa hiyo familia ya watu 5 inahitaji 10,500. Kilo ya nafaka ina takriban 3,500, kilo ya kunde pungufu kidogo ya hapo, lita ya mafuta kama 8,000. Mfuko mzima ulikuwa na karibu 100,000.

"Gawanyeni wenyewe," akasema.

Siku 9 na nusu. Imamu aliirudia hesabu kwenye simu yake, kisha akailaza simu kifudifudi mezani. Mtu aliyejiandikisha mara tatu alikuwa anajaribu kuufikia mwisho wa mwezi, basi. Lile azimio nililikata kwa mstari mmoja, na bado linasomeka.

Hapo tukafanya uamuzi wa kwanza wa maana. Daftari liwe moja, jina "mfuko wa mwezi" lisitumike tena, ukubwa wa mfuko ufuate idadi ya watu katika kaya, na kaya zenye watoto chini ya miaka 5, wajawazito au wanaonyonyesha ziwe mbele. Wapo waliotaka kila mtu apewe sawa, wakisema huo ndio uadilifu. Kumpa mtu anayeishi peke yake sawasawa na mama wa watoto 6 ni rahisi kwa anayegawa, hakuna zaidi.

Zaka ilibaki kwenye hesabu yake mwenyewe. Imamu alieleza kwamba wanaostahili zaka wametajwa katika Qurani, mafungu 8, naye hana mamlaka ya kuichanganya na mfuko wa wote. Sadaka tukaichanganya. Ilituchukua nusu saa tu, kwa sababu aliyeulizwa alikuwa anajua anachosema.

## Mtoto aliyesema mama amefunga

Dodoso la kurasa 14 lilidumu siku 3. Wajitolea walirudi wamechoka na waliohojiwa walichoka zaidi. Afisa lishe akaliweka kando, akatumia maswali matano yanayojulikana katika kazi hii, yote kuhusu siku 7 zilizopita: mara ngapi kaya imekula vyakula isivyovipenda kwa kuwa ni vya bei nafuu, mara ngapi imekopa chakula au kuomba kwa ndugu na marafiki, mara ngapi imepunguza kiasi kwenye sahani, mara ngapi imepunguza idadi ya milo, na mara ngapi watu wazima wamejinyima ili watoto wale. Kila jibu lina uzito wake katika alama ya kaya, na alama ikiwa kubwa hali ni mbaya zaidi. Kukopa kuna uzito wa 2, watu wazima kujinyima uzito wa 3, na yale mengine 1 kila moja.

Maswali ni mazuri, lakini tuliyauliza vibaya. Mjitolea alisimama mlangoni kwa mama mmoja, watoto wakiwa wamemzunguka, akauliza swali la tano. Mama akajibu, "Hapana, mimi nakula vizuri." Mtoto mdogo akadakia, "Mama huwa amefunga." Haukuwa mwezi wa mfungo wa dini yoyote. Mjitolea akaandika sufuri, kwa kuwa sufuri ndilo jibu alilopewa, kisha akaja kikaoni akatusimulia macho yakiwa chini.

Tangu siku hiyo tukabadilisha utaratibu. Mhojiwa anazungumziwa peke yake, na anayemhoji atoke nyumba nyingine ya ibada. Hili la pili lilipendekezwa na mchungaji, na wataalamu walilishangaa. Wao walifikiri mtu humwamini zaidi wa kwake. Mchungaji alijua waumini wake. Mtu anaweza kumweleza mgeni kwamba hajala tangu jana, lakini si yule atakayekaa naye benchi moja Jumapili.

## Utepe

Kupima mzingo wa mkono wa mtoto ni jambo la nusu dakika. Utepe unazungushwa katikati ya sehemu ya juu ya mkono wa kushoto. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, chini ya milimita 115 ni utapiamlo mkali, na kuanzia 115 hadi chini ya 125 ni utapiamlo wa wastani. Utepe una rangi, kwa hiyo hata asiyejua kusoma anaona nyekundu.

Tatizo ni kwamba jirani naye anaiona. Siku ya kwanza tulipima uani, mbele ya foleni. Mama mmoja alipoona nyekundu alishusha mkono wa sweta la mtoto haraka, utepe ukiwa bado umefungwa ndani yake, akaondoka nao. Tulimtafuta siku 4. Tulimpata kwa sababu mmoja wa wanawake wa kanisani alijua dada yake anakaa wapi, na mtoto alifikishwa kituo cha afya. Mtoto wa hali ile anahitaji tiba chini ya uangalizi, pamoja na chakula tiba kilichoandaliwa maalumu. Nafaka na kunde za mfuko wetu zisingemponya.

Baada ya hapo upimaji ulihamia chumba cha pembeni, na baadaye tukawapa akina mama tepe zao na kuwafundisha kupima nyumbani. Njia hii inatumika sehemu nyingi duniani, na kwetu ndiyo iliyotuletea watoto mapema zaidi.

Yalitokea mambo mawili madogo wakati uleule. Mfadhili mmoja alileta katoni za maziwa ya unga ya watoto wachanga, na afisa lishe akakataa yasigawiwe. Ugomvi ukawa mkubwa, kwa sababu machoni pa wengi alikuwa anawanyima watoto maziwa. Alieleza: maji yasiyo salama, maziwa kuzimuliwa ili yafike mwisho wa juma, na mama kuacha kunyonyesha na maziwa yake kukauka, kisha katoni kwisha. Akataja kanuni za kimataifa za mwaka 1981 kuhusu uuzaji wa maziwa mbadala. Katoni zilikabidhiwa kwa mamlaka ya afya. Jambo la pili lilikuwa mahubiri mafupi ambayo kundi moja lilitoa kabla ya kugawa. Mwongozo wa maadili wa mwaka 1994 wa Msalaba Mwekundu na mashirika ya misaada unakataza msaada kutumiwa kusukuma msimamo wa kidini, ingawa sisi hatukuwa tumeusaini. Padri alimaliza mjadala kwa swali moja: "Nani hapa angethubutu kutoka nje ya mahubiri huku mfuko wake uko mezani?" Mahubiri yakahamia baada ya ugawaji, lango likiwa wazi.

## Safu ambayo hakuna aliyeiagiza

Aliyekuwa akiandika majina ni mama wa makamo, mtulivu, mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Hakuwa mjumbe wa kamati. Siku moja aliomba dakika mbili mwishoni mwa kikao, akasema, "Kuna watu wanavaa mashati yao upande wa ndani nje. Mishono yote inaonekana."

Hakuna aliyemjibu. Wakili alikuwa anaandika ujumbe kwenye simu. Mimi niliandika "mengineyo" na sikuandika nini.

Yeye hakungoja kamati. Akachora safu mpya kwenye daftari kwa rula, pembeni kabisa, akaipa kichwa: "Mara ya mwisho kulipwa". Alimwuliza kila mtu mzima aliyefika mezani kwake, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza habari za nyumbani. Baada ya majuma mawili akalileta daftari kikaoni, akalifungua mbele ya wakili bila kusema neno.

Wengi katika foleni walikuwa na kazi. Walitoka zamu wakaja moja kwa moja kwetu, na shati waliligeuza ili nembo ya mfukoni isionekane. Katika safu ile tarehe za malipo zilikuwa za miezi mitatu nyuma, minne nyuma, nyingine "sikumbuki". Karibu wote walitaja wakala mmoja wa vibarua, anayesambaza wafanyakazi kwa kampuni kubwa.

Wakili aliweka simu chini. Kwa mara ya kwanza alizungumza na sisi kama watu wanaoweza kufahamu. Mkataba namba 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unataka ujira ulipwe kwa vipindi maalumu. Haki ya chakula katika Ibara ya 11 ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kitamaduni wa mwaka 1966 ilifafanuliwa na kamati ya Umoja wa Mataifa mwaka 1999: chakula kiweko, na mtu awe na uwezo wa kukipata wakati wote, au awe na njia ya kukipata. Dola ina wajibu wa kuiheshimu haki hiyo, kuilinda na kuitimiza. Na kuilinda ni pamoja na kuhakikisha kampuni au mtu binafsi hamnyimi mwingine chakula. Mwanauchumi Amartya Sen naye alijenga hoja mwaka 1981 kwamba watu wanaweza kufa njaa katika nchi yenye chakula, kwa sababu kipato na haki walizonazo haziwafikishi kwenye chakula hicho. Mfano wake mmoja ulikuwa Bengal, katika India ya wakati huo, mwaka 1943, ambako vibarua wa vijijini waliangamia kwa sababu bei zilipanda na ujira wao ukabaki nyuma.

Mchungaji alisikiliza yote hayo, akauliza, "Kwa hiyo sadaka ya hawa wazee wangu inalipa mishahara ya yule bwana?"

"Sehemu yake," wakili akajibu.

Kwa vibarua wale, kila mfuko tuliotoa ulimwezesha mtu kurudi zamu nyingine bila kulipwa.

## Usiku wa uamuzi

Wakala yule alikuwa muumini wa mojawapo ya nyumba zetu, mtu wa safu ya mbele, na karibu nusu ya magunia ghalani yalikuwa yake.

Kikao kilianza baada ya swala ya isha na kwisha karibu na alfajiri. Mhazini alishika msimamo mmoja tangu mwanzo: usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Tukimgusa, ghala linabaki tupu, na watakaolala njaa ni walewale tunaodai kuwatetea. Sikuwa na jibu, na sidhani kwamba alikuwa mwoga. Alikuwa ndiye anayejua kuna magunia mangapi.

Imamu alikumbusha mafundisho ya Mtume kwamba mwajiriwa alipwe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Mchungaji akafungua waraka wa Yakobo sura ya 5, pale ujira uliozuiliwa wa vibarua unapopiga kelele. Hapo wataalamu waliona kitu ambacho dodoso lao lisingewapa: ndani ya dakika chache suala lilitoka kwenye "je, tujiingize?" likawa "tujiingize vipi?" Wakili alikuwa ameeleza mikataba kwa robo saa bila kulisogeza kiasi hicho.

Kuhusu namna, mezani palikuwa na njia tatu. Wakili alitaka twende ofisi ya kazi asubuhi ileile na daftari kama ushahidi. Viongozi wa dini walikataa katakata: watu walitoa habari zile ili wapate chakula, hawakuzitoa ili wawe mashahidi, na kuzitumia bila ridhaa ni kuvunja amana. Mhazini alitaka tunyamaze hadi tupate wafadhili wengine. Padri alipendekeza wazee wawili waende kwa wakala faraghani, wampe siku 14, na wakati huohuo wafanyakazi waulizwe mmoja mmoja kama wanataka kudai.

Tulichukua njia ya padri. Sababu zilikuwa mbili. Kwanza, kumwonya mtu faraghani kabla ya kumfikisha hadharani ni mafundisho yanayokubalika kwa pande zote, kwa hiyo hakuna ambaye angesema kamati imemvizia. Pili, na hili hatukuliandika, tulitumaini kwamba atalipa na magunia yatabaki.

Wakili alitaka pingamizi lake liingie kwenye muhtasari: ukimwonya kabla ya kuwalinda wafanyakazi, unampa muda wa kujua nani amesema. Nililiandika. Kisha tukaendelea kama kwamba halikusemwa.

## Matokeo

Wazee walipokelewa vizuri. Wakala aliumia, akasema yeye mwenyewe hajalipwa na kampuni anayoihudumia, na akaonyesha ankara. Baadaye ilithibitika kwamba alisema kweli kwa sehemu: kampuni ilikuwa imechelewesha, lakini malipo iliyokuwa imekwisha kuyatoa nayo hayakuwa yamewafikia wote. Aliahidi, akalipa baadhi ya watu mshahara wa mwezi mmoja.

Siku chache baadaye wafanyakazi 6 hawakupangiwa zamu. Wote 6 walikuwa kwenye daftari, na sita hao ndio waliokuwa wameandikwa mfululizo kwenye ukurasa mmoja. Mtu alikuwa ameupiga picha. Hatukumjua kamwe, ingawa kila mmoja wetu ana jina lake kichwani.

Magunia nayo yalikoma. Kwa majuma 5 tuligawa nusu ya mfuko, na maswali yale matano yalipoulizwa tena, alama za kaya nyingi zilipanda, hasa kwenye swali la watu wazima kujinyima. Mhazini alikuwa sahihi, na hakuna aliyemwambia hivyo.

Hali iligeuka wafanyakazi wenyewe walipochukua usukani. Kundi la walioridhia, wakiongozwa na mmoja wa wale 6, walijiunga na chama cha wafanyakazi. Madai yalifunguliwa kwa majina yao na vielelezo vyao: ujumbe wa simu wa kupangiwa zamu, picha za mahudhurio, vitambulisho. Daftari letu halikutumika hata ukurasa mmoja. Chama kiliiandikia pia kampuni kubwa, ambayo hadi hapo ilijifanya haihusiki, na barua hiyo ndiyo iliyosukuma mambo. Malimbikizo yalilipwa kwa awamu mbili, si yote. Kati ya wale 6, wanne walirudi kazini, mmoja alipata kazi kwingine, na mmoja bado hana kazi.

Foleni ilipungua. Waliobaki walikuwa wazee wanaoishi peke yao, wagonjwa, na mabibi wanaolea wajukuu, na sasa walionekana vizuri kwa kuwa hawakuwa tena wamefichwa na wenye kazi. Afisa lishe na padri waliwafuatilia waandikishwe kwenye mpango wa serikali wa kusaidia kaya maskini. Baadhi waliingia.

## Uchambuzi

Nianze na lililofaa zaidi, ambalo halikutoka kwa mtaalamu wala kwa kiongozi. Safu ya "mara ya mwisho kulipwa" ilibadilisha kila kitu, na aliyeichora alikuwa ameshapewa nafasi ya kusema tukamnyamazia. Dodoso la kurasa 14 lilikuwa na maswali kuhusu vyanzo vya kipato, lakini lilimtaka mtu achague kati ya "ana ajira" na "hana ajira". Mwenye ajira asiyelipwa alijibu "ana ajira" na dodoso likamhesabu kuwa yuko salama. Kipimo kilikuwa na tundu palepale tatizo lilipokuwa.

Mchanganyiko wa dini na utaalamu ulifanya kazi pale tu kila upande ulipokuwa na kitu ambacho mwingine hana. Hesabu ya kilokalori iliondoa tuhuma ya udanganyifu ambayo mahubiri ya huruma yasingeiondoa. Kumwachia mtu wa nyumba nyingine ya ibada afanye mahojiano lilikuwa wazo la mchungaji, na lilirekebisha takwimu ambazo mtaalamu angezichapisha zikiwa na kasoro. Pale pande zote mbili zilipofikiri sawa, yaani kwenye ile tamaa ya kimyakimya ya kubakiza magunia, tuliharibu pamoja.

Kosa kubwa ni daftari. Jina, mtaa, mwajiri na tarehe ya malipo vilikaa mstari mmoja, kwenye kabati ambalo ufunguo wake ulining'inia ukutani. Safu ile ilipoonekana kuwa na maana, siku ileile ingehamishiwa kwenye karatasi nyingine, kwa namba badala ya majina, na kufungiwa. Nilikuwa katibu, kazi hiyo ilikuwa yangu. Nilivutiwa mno na tulichokigundua hata nikasahau kuwa kinaweza kumuumiza mtu.

Kuhusu ziara ya faraghani, mimi na wakili hatujakubaliana hadi leo. Yeye anasema ilikuwa kosa tangu mwanzo. Mimi naona kosa lilikuwa mpangilio: ridhaa ya wafanyakazi ingetangulia, chama kingetangulia, nakala za vielelezo zingewekwa mahali salama, ndipo wazee wabishe hodi. Ukimwonya mwenye nguvu wakati mnyonge bado amesimama wazi, unayemhatarisha ni mnyonge. Yeye hujibu kwamba nikishaweka masharti yote hayo, nimekubaliana naye. Pengine.

Halafu kuna suala la nani alikaa mezani. Kwa miezi ya mwanzo kamati ilijadili watu wenye njaa bila hata mmoja wao kuwamo. Tuliwaita "walengwa". Aliyekuja kuongoza madai alikuwa amesimama kwenye foleni yetu mara nyingi, na alijua kusoma hati ya mshahara kuliko nusu ya wajumbe, hatukumwuliza. Wataalamu nao walilipwa posho ya kikao ilhali mama wa daftari hakulipwa hata nauli. Padri aliligusia jambo hilo mara moja, tukahamia ajenda iliyofuata.

La mwisho ni akiba. Kamati inayotaka kuhoji chanzo cha njaa iwe kwanza na chakula cha majuma kadhaa ambacho hakitoki kwa anayehojiwa. Sisi hatukuwahi hata kuorodhesha magunia kwa majina ya waliotoa. Tungefanya hivyo miezi mitatu mapema, mhazini angekuwa na orodha mkononi usiku ule, nasi tungekuwa na muda wa kutafuta wengine kabla ya kubisha hodi kwa yeyote.

## Jalada lilipofikia

Mwaka uliofuata wakala aliandika barua. Alitaka kurudia kutoa magunia, kiasi kilekile. Kikao kilikuwa kifupi. Wakati huo wawili kati ya wale 6 walikuwa wajumbe, na mama wa daftari pia. Yeye ndiye aliyetunga jibu, sentensi mbili: kamati inashukuru, na inaomba kwanza nakala za malipo ya wafanyakazi ya miezi mitatu iliyopita. Niliichapa, imamu na mchungaji wakasaini. Iko kwenye jalada pamoja na barua yake. Jibu halijaja.